Kamlalia

Mzee akifa, watu hupata la kusema: alikuwa akiumwa, umri ulishakwenda, kapumzika. Mtoto mchanga aliyenyonya usiku, akalazwa mzima, alfajiri akakutwa wa baridi, hana maelezo. Mara nyingi hata uchunguzi wa daktari hauoni kitu. Msiba wa namna hiyo ukikosa sababu hutafutiwa mkosaji. “Kamlalia,” watu hunong’ona uani, wanakochambua mchele. Mama haambiwi usoni, na hana haja ya kuambiwa. Alishajihukumu kabla maiti haijaoshwa.

Miaka ya 1980, New Zealand ilikuwa miongoni mwa nchi tajiri zilizozika watoto wengi zaidi kwa vifo hivi. Utafiti uliofanyika huko kati ya 1987 na 1990 ulitaja yaliyozidisha hatari: kulaza mtoto kifudifudi, sigara za mama, kunyimwa ziwa, na kulala kitanda kimoja na mtu mzima, hasa mama akiwa mvutaji. Mwaka 1991 kampeni ikaanza, na vifo vikashuka upesi.

Ni furaha, lakini fikiria waliozika kabla ya hapo. Waliowalaza watoto kifudifudi hawakuwa wazembe. Ndivyo walivyofundishwa. Benjamin Spock, daktari wa Marekani ambaye kitabu chake kilikuwa katika nyumba nyingi, alishauri hivyo kwa hofu ya mtoto kupaliwa na matapishi. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walipitia tafiti za zamani na kuona kwamba dalili za hatari zilikuwa wazi tangu 1970. Walikadiria kwamba kama zingezingatiwa mapema, pengine watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza wasingekufa, na wengine wasiopungua 50,000 Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand. Kumpoteza mwana kwa sababu ulitii: sijui mama hupelekwa wapi na uchungu huo. Hata pole haijui ipite mlango gani.

Kwa Wamaori, wenyeji wa kale wa New Zealand, nafuu haikufika kwa kasi ileile. Waliambiwa wasilale na watoto, na kwao mtoto hulala na mamaye. Nadhani walikuwa na haki ya kugoma. Ushauri unaomtaka mama amsogeze mwanawe gizani, mbali na mkono wake, unafanana mno na msiba wenyewe. (Sigara ni jambo jingine, na hapo hakuna desturi ya kutetea.)

Mnamo 2006 daktari Mmaori, David Tipene-Leach, alishirikiana na wasusi wa Gisborne kutengeneza wahakura: kitanda kidogo kilichosukwa kwa majani ya harakeke, kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto hulala chali ndani yake, hana mto, uso wazi, na mama akinyoosha mkono anamgusa. Wapo wajawazito wanaojisukia wenyewe wakikaa na wasusi wazee, na mazungumzo ya sigara na ulalaji huja katikati ya kazi, kama wanawake wa pwani yetu wanavyosemezana juu ya ukili. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba kati ya waliopewa wahakura, sehemu ya waliokuwa wakinyonyesha kikamilifu katika mwezi wa sita ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya waliopewa vitanda vya kawaida vya watoto.

Baada ya tetemeko la Christchurch la 2011, familia zilizobanana katika makazi ya dharura zilipewa visanduku vya plastiki vya kazi hiyohiyo, vikiitwa Pēpi-Pod. Kila familia iliombwa ieneze ushauri kwa wengine. Kati ya 2009 na 2015, vifo vya watoto wa kuanzia wiki moja hadi mwaka vilipungua kwa asilimia 29 nchini humo, hasa kwa Wamaori, na watafiti waliuhusisha upungufu huo na vitanda hivi.

Asilimia hiyo ni watoto ambao mama zao hawajui kwamba waliponea chupuchupu. Wanawagombeza kwa kuchafua sare za shule. Aliyezika mwaka 1985 anajua, na akimwona binti yake akipokea wahakura, huenda atashukuru na kukasirika kwa pumzi moja. Sioni kwa nini aambiwe achague.