Ngazi 366

Dadangu ana miaka sita Ubelgiji, na Brugge iko kama saa moja tu kwa treni kutoka Brussels anakokaa. Hakuwa amewahi kufika. Nilipompigia kumwambia warsha yangu inaisha Ijumaa, ndege ni Jumatatu, kwa hivyo twende tukalale huko siku mbili, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Wikendi?" akauliza, kama mtu aliyeombwa figo.

Mama zetu ni ndugu, kwa hivyo sisi ni dada. Hilo neno la binamu tunaliacha kwenye fomu za viza. Yeye anafanya kazi katika nyumba ya wazee: kuogesha, kulisha, kugeuza watu kitandani wasipate vidonda. Zamu za usiku na za Jumapili zinalipa zaidi, na ndizo anazozigombania. Picha anazotutumia kwenye grupu la familia, zile za theluji na makoti mazuri, kumbe alipigwa akitoka kazini asubuhi, akingoja basi.

Nilimwambia nalipa mimi, na posho ya warsha. Akacheka. "Mtoto amekua."

Jumamosi tulishuka treni, tukatembea hadi katikati ya mji tukiburuta vibegi juu ya mawe yanayofanya magurudumu yapige kelele kama mashine ya posho. Mimi siyo mtu wa kusisimkwa na Ulaya, lakini Brugge ni mji mzuri, tusidanganyane. Nyumba za matofali zenye vipaa vya ngazi ngazi, mifereji inayopita chini ya madaraja mafupi, kengele kila robo saa. Unapinda kona ukitafuta choo unajikuta mbele ya jengo la miaka mia saba. Kule uwanjani, chini ya mnara, kuna vibanda viwili vya kijani vinavyouza chipsi, tukala zile za mayonezi tukiwa tumesimama, mikono inaganda. Dadangu alikuwa amezima simu na kuiacha chumbani chini ya mto. "Leo sipatikani," alisema. Alilisema tena baadaye, polepole, kama anayeonja.

Huku mimi nimebeba jambo.

Miaka minne dadangu amekuwa akituma pesa za kujenga nyumba Mtwapa. Msimamizi ni mjomba wetu. Kila baada ya muda mjomba anatuma picha: msingi, kuta, lenta, halafu mwaka jana mabati mekundu yanang'aa. Desemba nilikuwa naelekea Kilifi, nikasema acha nishuke nikaione. Bodaboda akaniacha mbele ya kuta zilizofika kwenye madirisha. Hazikuwa na lenta. Ndani, mahali ambapo dadangu ameshachagua rangi ya sebule, kulikuwa na mpapai mrefu kuniliko. Ile ya mabati mekundu ipo kweli. Ni ya jirani, ploti ya tatu kutoka hapo.

Hiyo ilikuwa Desemba. Sasa ni Oktoba. Sikusema, na nilikuwa na sababu zangu.

Jumapili asubuhi tulienda Kanisa la Mama Yetu kumwona Bikira Maria wa Michelangelo. Ni sanamu ya marumaru, ndogo kuliko nilivyotarajia. Wafaransa waliiiba 1794, Wajerumani wakaiiba tena 1944, na mara zote mbili ikarudi. Mtoto amesimama katikati ya magoti ya mama kama yuko tayari kushuka aende zake, na mama hamtazami. Anatazama chini, pembeni. Dadangu alikaa mbele yake muda mrefu. "Huyu amechoka," akasema. "Angalia mabega." Niliangalia mabega, lakini yeye ndiye mwenye ujuzi wa miili iliyochoka.

Kutoka hapo tukateremka hadi ziwa dogo la Minnewater. Limejaa bata maji, wale weupe wenye shingo ndefu. Nilikuwa nimesoma habari zao kwenye treni, nikamsimulia. Mwaka 1488 watu wa Brugge walimfungia Maximilian wa Habsburg mjini mwao na kumuua ofisa wake, Pieter Lanchals, ambaye jina lake linakaribia kumaanisha shingo ndefu. Hadithi inasema Maximilian alipokuja kupata nguvu aliwaadhibu: walee hawa ndege milele. Ni hadithi tu, lakini ndege wapo.

"Yaani mpaka leo wanalisha midomo kwa kosa wasilolifanya wao," dadangu akasema. "Hiyo nimeielewa." Akacheka peke yake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimekuja Ulaya kumdanganya mtu ana kwa ana.

Karibu na ziwa, ukivuka daraja, kuna Begijnhof. Ilianza 1245. Ni nyumba nyeupe zinazozunguka uwanja wa nyasi wenye miti mirefu. Waliishi humo wanawake ambao hawakuwa watawa kamili. Walisali, wakafanya kazi kwa mikono yao, na aliyetaka kuondoka aliruhusiwa. Siku hizi ni masista wa Kibenedikto. Langoni kuna kibao kinachoomba ukimya. Nikamwambia humo ndani, chini ya miti. Baadaye alinishtaki kwamba nilipachagua makusudi asiweze kupiga kelele. Sikupachagua. Au labda nilipachagua.

Nilimwambia yote. Alisikiliza akitazama nyasi.

"Mpaka wapi?" akanong'ona.

"Madirishani."

"Na mabati?"

"Ya jirani."

Alitikisa kichwa kama anayesikia habari za mgonjwa aliyekuwa anamtarajia afe. Halafu akatazama saa. "Tuna tiketi za mnara saa nane. Tushalipa. Twende."

Mnara wa Belfort una mita 83 na ngazi 366, nyembamba, za kuzunguka, wanaopanda na wanaoshuka wakitumia njia moja. Huwezi kurudi, nyuma yako kuna familia nzima inapumua. Kadiri unavyopanda ngazi zinazidi kubana, mpaka huna cha kushika ila kamba. Dadangu alikuwa mbele. Niliona visigino vyake tu, viatu vile vyeupe vya kazini. Hana vingine vya kutembelea.

Labda kwenye ngazi ya mia mbili hivi, akauliza bila kugeuka:

"Ada yako ya mwaka wa mwisho alilipa nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

"Mjomba."

"Mjomba alitoa wapi?"

"Sikumuuliza."

"Hukumuuliza."

"Hapana, dada."

Visigino viliendelea kupanda. Mzungu mmoja aliyekuwa akishuka alitubana ukutani akiomba radhi, tukamwambia haidhuru, kwa Kiswahili.

Juu kuna kengele 47, na tulifika zikianza kulia. Hakuna mazungumzo yanayoweza kushindana na hilo. Dadangu aliziba masikio, akainamisha kichwa, mabega yakitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Zilipokoma alisogea kwenye wavu. Chini, mapaa mekundu kila upande, hadi mashamba yanapoanza. Nikaanza kubwabwaja, kama ninavyofanya nikiogopa. Nikamweleza kwamba mji huu uliwahi kuwa tajiri sana, kisha mkondo wa Zwin uliowaunganisha na bahari ukajaa mchanga, meli na wafanyabiashara wakahamia Antwerp, na kwa vile hapakuwa na pesa ya kubomoa na kujenga upya, kila kitu kikabaki kama kilivyokuwa.

"Pesa ilihamia kwingine," akasema.

"Ndiyo."

"Antwerp wakasomesha watoto."

Sikujibu. Akanipa mgongo, akaomba nimpige picha, mapaa yaonekane. Nilipiga kumi na moja, akafuta zote isipokuwa moja.

Kwenye treni ya jioni aliwasha simu. Ilitetemeka mkononi muda mrefu: kazini wanatafuta mtu wa zamu, grupu la familia, na mjomba mara tatu. Alisoma za mjomba, akaigeuza simu kifudifudi juu ya paja. Nje kulikuwa kumeshaingia giza. Nilidhani amesinzia.

"Huo mpapai," akasema, macho kafumba. "Ulikuwa na mapapai?"

"Umejaa."

"Yanaliwa na nani?"