Kazi Zangu Tatu za Sindano, na Fasi Zimefika



Tangu tulipoanza mwaka wa masomo watu wananiuliza juu ya mfuko wa bluu ninaoutembeza pamoja na madaftari. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanasema ndani muna fimbo ya kuwapigia wenye kuchelewa. Wenzangu wa kalasi ya mwisho wanajua vizuri muna nini, na wamenipa jina la "Mama Mkubwa wa Internat". Jina hilo sikulikataa. Mkubwa wa wanafunzi akikasirika kwa jina moja, kesho atapewa lingine baya zaidi. Lakini wenye kutengeneza gazeti letu wameniomba nieleze, basi naeleza mara moja kwa wote: ndani ya mfuko muna sindano, mkasi, kisu kidogo, nyuzi, na kazi tatu za broderi ambazo hazijafika fasi moja.

Kwanza neno moja juu ya kicheko. Mkienda soko hapa Kamina, tazameni mashine za kushona zilizopangwa barazani. Nyuma ya karibu kila mashine ameketi mwanaume. Anaitwa tayeri, anaheshimiwa, bamama wanampigia magoti ili amalize nguo mbele ya sikukuu. Sasa inakuwa namna gani sindano ya mashine ni ya wanaume, na sindano ya mkono ni ya wanawake? Nimeuliza wale wanaocheka kwa nguvu zaidi, na hata wao hawakunijibu.

Kazi ya kwanza imekwisha, sitakaa sana juu yake. Ni kitambaa cha meza ya chumba cha walimu, maua mekundu na majani, mishono ya msalaba. Maua yalikuwa yamekwisha kuchorwa juu ya kitambaa tangu dukani. Mimi nilipita tu na uzi juu ya alama, kama mtoto anayejaza rangi ndani ya picha. Mwalimu mmoja amekwisha kumwaga chai juu yake, ikafuliwa, rangi haikutoka. Ni hayo tu.

Kazi ya pili ni mto wa kiti, na huo ninaupenda zaidi juu nimeuchora mwenyewe. Chini yake ni gunia la juti la zamani, si haya mapya ya plastiki. Gunia la juti ni kitu kizuri kwa mwenye kuanza, kwa sababu nyuzi zake zinaonekana wazi na mtu anaweza kuzihesabu. Nimepima kwa rula: nyuzi 5 katika sentimetre 1. Mshono wangu mmoja unapita juu ya nyuzi 2 kwa urefu na 2 kwa upana. Mto una sentimetre 40 kila upande, maana yake nyuzi 200, maana yake mishono 100. Mara 100 tena, ni mishono 10.000. Ninyi mnaosema hesabu haina kazi nje ya kalasi, someni tena mstari huo.

Mfano niliuchora katika daftari ya hesabu yenye miraba midogo, mraba mmoja kwa mshono mmoja. Nilichagua kanga, yule ndege wa porini, kwa sababu mwili wake wenyewe umekuwa kama daftari: kijivu chote, na madoa meupe yamepangwa. Sufu ya kijivu ilitoka katika tiriko ya zamani niliyoinunua soko kwa bei ya chini na kuifumua. Nyeupe katika soksi za mpira. Nikitulia ninapiga mishono 6 kwa dakika, na nusu saa kila siku, kati ya chakula cha jioni na saa ya kusoma, inanipa mishono 180. Leo niko kwenye 6.400. Kanga amekwisha kupata miguu, tumbo na mgongo, bado shingo na kichwa. Zinabaki siku 20, kama taa ya jua ya internat itaendelea kutuhurumia.

Sasa ya tatu. Hii nimeiweka nyuma, lakini ni juu yake ninaandika yote haya.

Nkambo yangu, mama wa baba, alizaliwa upande wa Mweka katika Kasai, ni mtu wa Wakuba. Aliletwa Kamina na nkambo mwanaume, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Mnajua reli hiyo inayotoka Ilebo, ikapita Mweka na Kananga na hapa kwetu, na kushuka mpaka Lubumbashi. Ilimalizwa mwaka 1928, na imezaa familia nyingi kama yetu, zenye miguu huku na kichwa kule. Nkambo alishuka na sanduku moja. Ndani ya sanduku mulikuwa vitambaa vya rafia vya mama yake.

Wengi wenu mmeviona hivyo katika picha bila kujua ni nini. Kitambaa kinafumwa na wanaume kwa nyuzi za majani machanga ya mti wa rafia. Kikitoka katika kifumio ni kigumu kama mkeka, basi wanawake wanakitwanga katika kinu mpaka kinalegea. Kisha wanawake ndio wanakitia broderi. Wanachukua uzi wa rafia uliopasuliwa mwembamba sana, wanaupitisha kwa sindano chini ya uzi wa kitambaa, wanauvuta mpaka mdomo mfupi tu unabaki, halafu wanakata upande wa pili kwa kisu kidogo. Hakuna fundo. Kinachoshika ni ule mbano wa nyuzi zenyewe. Vimidomo vile, maelfu na maelfu, vinasimama pamoja na kuwa laini chini ya mkono kama manyoya, na ukigeuza kitambaa, nyuma hauoni kitu. Wazungu wanakiita veluri ya Kasai. Kitambaa kimoja kinaweza kula miezi mingi.

Vimetembea mbali, vitambaa hivi. William Sheppard, Mwamerika mweusi, mishonari wa Presbiteri aliyekaa Luebo, aliingia katika mji wa mfalme wa Wakuba mwaka 1892, na vitambaa alivyokusanya viko leo Hampton, katika Virginia. Emil Torday alipita mwaka 1908 akakusanya kwa ajili ya British Museum ya London. Henri Matisse, mchoraji mkubwa wa Ufaransa, alivitundika ukutani fasi alipofanyia kazi. Wao wanatundika ukutani, sisi tunakunja na kufunga sandukuni. Sisemi nani ana haki. Nkambo anasema jua linaharibu rangi, na mimi namwamini.

Sasa, nkambo mwenyewe alianza kitambaa chake miaka mingi iliyopita, alipofiwa na mume wake. Ni cha kuzikwa nacho. Kwao mtu anaagwa na vitambaa vya rafia, na anasema asipokuwa nacho, wale waliotangulia hawatamtambua kuwa ni wao. Baba hapendi maneno hayo. Anasema tusimzike mtu anapokunywa chai. Lakini nkambo alishona pole pole, mpaka ugonjwa wa macho ulipomkamata, ile presha inayoharibu mshipa wa ndani ya jicho. Munganga alieleza kwamba dawa inaweza kulinda kinachobaki, lakini kilichopotea hakirudi. Kitambaa kikabaki na fasi tupu, ukubwa wa madaftari mawili ya shule yaliyowekwa pamoja.

Likizo kubwa iliyopita nilimwambia nitakimaliza. Alinyamaza kwanza.

"Mwanaume anafuma, mwanamuke anashona. Njo vile tulikuta."

"Nkambo, na kama mwanamuke hamuna?"

Kweli hamuna. Dada yangu mmoja ameolewa Lubumbashi, mwingine anasema rafia inamkata vidole. Nkambo alikaa siku mbili bila kurudia neno hilo, nikafikiri limekwisha. Siku ya tatu, asubuhi, akaniita: "Leta mikono." Akanishika kidole kimoja kimoja, kama mtu anayechagua mihogo. "Iko laini. Mikono ya masomo. Itafaa."

Mimi, mtu wa daftari ya miraba, nilitaka kwanza kuchora mfano wote kwenye karatasi. Nilichukua rula nikaanza kuhesabu kutoka pembeni. Mistari inakwenda, inavunjika, inapita chini ya mingine kama kamba za kikapu. Unafikiri umeshika namna yake, basi katikati ya kitambaa inageuka: kilichokuwa kidogo kinakuwa kikubwa, na pembe inakuja pasipo pembe. Hairudii. Nilimuuliza nkambo karatasi yake ya kwanza iko wapi, akacheka mpaka machozi. Hakuna mwanamke wa kwao anayechora mbele. Anatia kwanza mistari ya uzi, kisha anajaza, na kila kipande kilichokwisha njo kinamwambia kile kinachofuata.

Basi tunafanya hivi. Kila Jumamosi ninapopata ruhusa ya kutoka, ninakwenda kwake kambi ya reli. Anaweka kidole juu ya kazi yake ya zamani, anafuata mstari mpaka fasi ulipoachwa, na kusema: "Hapa unavunja. Hapa unarudi nyuma kidogo. Apana, si sana." Kidole chake kinaona midomo miwili iliyokatwa mirefu kupita mingine; jicho langu halioni. Katikati ya juma ninajaza peke yangu internat, na Jumamosi anapima kwa kidole tena.

Kipimo changu ni sanduku ya kiberiti. Kwa juma moja ninajaza fasi ya ukubwa wa sanduku moja. Pale padogo patupu palikuwa na sanduku 36. Nimejaza 14, zinabaki 22, ni majuma 22. Hesabu rahisi, tena mbaya, kwa sababu egzameni ya Serikali iko mbele ya majuma hayo kwisha, na baba ameniambia wazi kwamba rafia haileti diploma. Ni kweli. Nimepunguza usingizi, si masomo. Wenye wasiwasi waulize pointi zangu. Nkambo nilipomwambia sanduku 22 aliomba sanduku ya kiberiti yenyewe, akaigeuzageuza mkononi muda mrefu, akairudisha bila neno, akaanza kuuliza habari za mahindi.

Kuna jambo moja tena. Mwalimu alitusimulia habari ambayo inaelezwa juu ya mfalme mmoja wa Wakuba, katika miaka ya 1920. Mishonari walimwonyesha pikipiki. Pikipiki yenyewe haikumshangaza sana. Kilichompendeza ni alama ambayo gurudumu liliacha katika mchanga. Akaamuru mfano huo unakiliwe, akaupa jina lake. Nilimpelekea nkambo habari hiyo nikitumaini atashangaa. Alisema tu: "Alifanya vema. Na weye, umeona nini?"

Sikujua la kujibu. Basi akaweka kiganja chake upande wa chini wa fasi tupu, pembeni, akasema sanduku nne za mwisho hatanionyesha. Niweke ile nimeona.

Nimefikiri juma tatu. Kanga hapana, kanga ni wa mto. Nilifikiri alama ya mpira wa kinga, lakini hiyo ni kuiba kwa mfalme. Mwisho nilisimama gare, fasi reli zinapoachana: moja inakwenda Ilebo, kwao; moja Lubumbashi; moja Kabalo mpaka Kalemie. Ukitazama kwa chini, chuma mbili zinakaribiana pole pole, zinagusana, kisha ni moja. Nimejaribu kwanza juu ya kipande cha gunia, mistari miwili tu ya uzi mweusi, nikampa nkambo bila kumwambia ni nini. Kidole chake kilikwenda na mstari wa kwanza, kikarudi, kikaenda na wa pili mpaka fasi inapokutana. Kikakaa hapo.

"Hii ni ya treni," akasema. "Lakini uko umeiweka kugeuka. Mi nilitoka huku." Akanionyesha upande. Nimeiacha jinsi yeye alivyoonyesha.

Rafia niliyo nayo inatosha sanduku 6, labda 7. Shangazi aliye Mweka ameandika katika telefone kwamba amempa mtu fungu kubwa, pamoja na unga mwekundu wa nkula wa kutilia rangi, na mtu huyo anangoja treni. Sisi tunaokaa Kamina tunajua maana ya kungoja treni. Kila nikisikia honi usiku natoka kitandani, na wadogo wanafikiri natoka kuwakamata.

Wanaotaka kujifunza mishono ya msalaba, wavulana kwa wasichana, nitakuwa chini ya mwembe wa nyuma ya refektwari kila Jumatano saa tisa. Kila mtu alete kipande chake cha gunia la juti, si la plastiki. Sindano zenye tundu kubwa ninazo tano tu. Wa kwanza kufika watashika, wengine watahesabu nyuzi.

Mkubwa wa wanafunzi, kalasi ya mwisho