CREO: Nasadiki au Nadhani?

Katika mafundisho ya wakatekumeni hapa Katoto, upande wa Kamina, mzee mmoja alitutia mashaka. Kila tulipofika kwenye Kanuni ya Imani, alinyamaza. Tulipomwuliza sababu, akajibu: "Mwalimu, ile 'na' ya nasadiki ni mimi mwenyewe. Siku nyingine nadhani tu. Nidanganye mbele ya Mungu?"

Hatukuwa na jibu. Seminarini tulijifunza Kilatini, credo, nasadiki, basi. Jioni tukafungua kitabu kidogo cha sala cha Kihispania, tulichopewa zamani na padri mgeni. Humo neno ni creo. Katika Kilatini credo ni nasadiki, na creo ni naumba, maneno mawili mbalimbali. Wahispania wakaiacha ile d njiani, nayo yakawa sauti moja. Ukitaka kuyatenga, semesha mwenzako: crees, wasadiki, creas, waumba. Sisi twamweka mtu mbele ya kitenzi, wao humweka mkiani.

Lakini kilichotushika ni matumizi yake. Mhispania akiulizwa kama mvua itanyesha, hujibu: creo que sí, yaani nadhani ndiyo. Kanisani husema creo en Dios, na hapo hadhani. Ile en yaonyesha kwamba amemtegemea Mungu. Akikana, no creo que venga, sidhani kama atakuja, hata kitenzi cha pili hugeuka: si viene tena bali venga, kwa kuwa jambo lenyewe halina hakika. Basi neno la sokoni ndilo la altareni.

Tulipomweleza mzee, alicheka sana. Kisha akasema kwamba kwa Kiluba kusadiki ni kwitabija, na humo mna kukubali; mtu aweza kukubali hata moyo ukiwa mzito. Hilo, tukiri, hatukuwa tumelifikiri, nasi ndio walimu.

Akauliza tena kama lazima aseme peke yake. Tukamwambia kwamba maaskofu waliokutana Nisea mwaka 325 waliandika kwa wingi, twasadiki. Ila anayebatizwa huulizwa yeye, naye hujibu kwa "na" yake.

Jumapili iliyofuata alisimama pamoja nasi. Alisema "Nasadiki", akatua kidogo, akaendelea polepole, nyuma yetu kwa neno moja au mawili. Hatukumwuliza siku hiyo ilikuwa ya namna gani.