Starlet Yangu na Lumbesa ya Vitunguu



Mara nyingi hapa tunazungumzia kantangaze, mbolea ya kukuzia na bei ya vitunguu. Leo naomba niweke jembe chini niwaeleze habari za gari langu. Wengi mmekuwa mkiniuliza mashambani: "Bwana Shamba, na mimi nimepata fedha kidogo baada ya mavuno, ninunue kagari kama kako?" Nimekuwa nikijibu kwa haraka. Leo nijibu kwa utaratibu, pamoja na aibu yangu mwenyewe.

Gari langu ni Toyota Starlet ya namba B, ile ya umbo la EP82 iliyotengenezwa Japani kuanzia mwishoni mwa 1989 hadi katikati ya miaka ya 1990. Injini yake ni 4E, ujazo wa lita 1.3. Nililinunua kwa Sh 3,200,000, nyingi zikiwa mkopo wa SACCOS. Nilikuwa nimechoka kuzunguka vijiji vya Kilolo kwa pikipiki wakati wa masika, mbegu za majaribio zikilowa mgongoni. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Umeshapiga hesabu ya kulitunza?" Nikamjibu kwamba Starlet ni gari la mwananchi, spea zake zipo kila mahali. Ni kweli zipo kila mahali, lakini yeye aliuliza hesabu na mimi nikajibu habari za spea.

Siku ya kununua nilifanya kosa la kwanza. Nilifika kwa muuzaji saa nne asubuhi nikakuta injini inanguruma, imeshapata moto. Nikaona inawaka vizuri, nikatoa fedha. Wewe usifanye hivyo. Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike, kisha gusa boneti uhakikishe ni baridi. Gari likiwashwa likiwa baridi ndipo linasema ukweli. Angalia moshi: wa bluu maana yake linachoma oili, mweusi linakula petroli kupita kiasi, na mweupe usioisha hata injini ikishapata moto maana yake maji yanaingia mahali yasipotakiwa. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta ute kama chai ya maziwa, muage muuzaji kwa adabu uondoke. Inua kapeti utazame kutu sakafuni. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi, na uangalie kama namba ya gari inadaiwa faini za barabarani, kwa sababu ukishalichukua, deni hilo litakusumbua wewe.

Sasa nije kwenye aibu yenyewe.

Mwezi wa tatu tangu ninunue, nilianza kuona mshale wa temperecha unapanda kidogo nikipandisha mlima. Nikifika tambarare unashuka. Nikaongeza maji ya bomba kwenye rejeta, nikaendelea. Hali hiyo ilidumu wiki mbili. Kila nikiona mshale umetulia nilijiambia, si umeshuka?

Basi asubuhi moja nilikuwa Ruaha Mbuyuni kikazi, nilikolala. Mama mmoja mkulima, mjane, akaniomba msaada. Alikuwa na magunia matatu ya vitunguu na mnunuzi anayemsubiri Iringa mjini saa tatu. Pikapu aliyokuwa ameahidiwa haikuja. Fedha ile ilikuwa ya ada ya binti yake. Nililaza viti vya nyuma, tukapakia mawili ndani, la tatu tukalibana kwa shida na kufunga buti kwa kamba. Na magunia yenyewe, ndugu zangu, yalikuwa lumbesa. Mimi ninayesimama mikutanoni kuwaambia wakulima wakatae lumbesa, wafungashe kwa kilo zinazokubalika, nilisukuma lumbesa kwa mabega yangu ndani ya gari ambalo lenyewe halifiki hata tani moja.

Mnaoijua Kitonga mnajua kilichofuata. Barabara inatoka kwenye joto la bondeni na kupanda kwa kona kali mpaka juu kuelekea Ilula. Mbele yetu lori la mizigo linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, huwezi kulipita. Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Mshale ukapanda, na safari hii haukushuka. Mama akaniuliza, "Hiyo harufu ni ya nini?" Kabla sijajibu mvuke ukatoka kwenye boneti, na gari likazima pembeni mwa kona.

Tulivutwa mpaka Ilula. Tulifika saa tano na nusu, na mnunuzi alikuwa ameshanunua kwa mtu mwingine. Vitunguu vile viliuzwa siku mbili baadaye, kila gunia likipungua Sh 30,000 kwenye bei waliyokubaliana. Hasara ya Sh 90,000. Niliposema nitailipa, mama yule alikataa kwanza. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Bwana Shamba, tukikuletea nyanya imenyauka, unatuuliza kwanza tumeiona dalili tangu lini. Wewe huo mshale umeuona tangu lini?"

Nikamwambia ukweli: wiki mbili.

Nililipa ile 90,000 kwa miezi miwili, na ilistahili kulipwa.

Fundi wangu pale Ilula ni mzee mtulivu. Alipofungua hakunigombeza, alinionyesha tu. Rejeta ilikuwa imejaa tope la kutu. Injini hii bloku yake ni chuma na hedi yake ni alumini. Ukiweka maji matupu miaka na miaka, chuma kinatoa kutu, kutu inaziba vijia vya rejeta, na injini inakosa pa kutolea joto. Joto likizidi, hedi ya alumini inapinda na gasketi inaungua. Alikuta pia themostati imetolewa. Fundi fulani wa zamani aliitoa akidhani anatibu kuchemka. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula petroli zaidi, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Akaniuliza pia habari za mfuniko wa rejeta. Nikashangaa, mfuniko nao una kazi gani? Akaeleza kwamba mfuniko ndio unaotunza presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Hilo nilitakiwa kulijua. Huku kwetu juu, kwenye mita 1,500 na zaidi, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Mpira wa mfuniko ukichoka, nyanda za juu zinakuumbua kabla ya mtu wa pwani.

Kwa hiyo hedi ilipelekwa kuchongwa, ikawekwa gasketi mpya, rejeta nyingine, themostati, mfuniko na kulanti. Nilisimama pale akikaza bolti za hedi kwa spana ya kipimo, akianzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Ukiona fundi anakaza bolti za hedi kwa nguvu za mkono tu, akianzia popote, muulize. Na wakati ameshafungua, tulibadilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa gari la mtumba usiamini namba ya dashibodi. Kama huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, badilisha.

Usiku ule nilinunua daftari. Mimi nimewagawia wakulima madaftari ya kumbukumbu miaka yote, lakini gari langu halikuwa nalo. Haya ndiyo ya mwaka wangu wa kwanza:

Tairi nne, Sh 320,000.
Shokapu za mbele za mtumba, 160,000.
Betri, 150,000.
Rejeta, themostati na mfuniko, 120,000.
Gasketi, kuchonga hedi na ufundi, 280,000.
Mkanda wa taimingi na pampu ya maji, 140,000.
Bushi na boljointi, 110,000.
Oili na filta mara nne, 180,000.
Bima ndogo, 118,000.

Jumla ni Sh 1,578,000, bila petroli na bila kile kitunguu cha watu. Ni karibu nusu ya bei niliyonunulia. Hilo ndilo jibu la swali la mke wangu, na ndilo jibu langu kwako unayeniuliza. Ukiwa na milioni tatu, usitafute gari la milioni tatu. Tafuta la milioni mbili, na moja iache kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Kama milioni mbili hazitoshi kupata gari zima, bado wakati wako haujafika. Usiuze ng'ombe wa kulimia.

Jambo lingine, hasa kwa wafanyabiashara. Gari dogo ni la watu na mizigo midogo: mbegu, dawa, madumu mawili ya maziwa, mgonjwa usiku. Ukigawanya gharama zake kwa magunia utakayobeba, utakuta kuchangia pikapu na wenzako wanne ni nafuu. Na kumbuka, gari la namba ya njano haliruhusiwi kubeba abiria au mizigo ya watu kwa malipo, na likipata ajali ukiwa kwenye biashara hiyo, bima inaweza kukukataa.

Utaratibu wangu sasa ni huu. Kila Jumatatu asubuhi, injini ikiwa baridi, naangalia oili, kulanti na mafuta ya breki, kisha napiga jicho chini ya gari kama kuna kitu kimedondoka. Oili nabadilisha kila kilomita 3,000, naandika tarehe. Mshale ukisogea hata kidogo kupita mahali pake pa kawaida, sisubiri kesho. Nikiwa mlimani, nafungulia hita ya ndani mpaka mwisho, joto jingi linatoka huko, hata kama tutatoa jasho, kisha natafuta pa kusimama. Rejeta sifungui mpaka mkono uweze kutulia juu yake. Nimeona mtu aliyeungua uso kwa haraka ya dakika kumi.

Mama yule bado ni mkulima wangu. Msimu uliopita aliniomba tena nimpelekee kitunguu mjini. Nikamwambia nina nafasi ya gunia moja, na tulipime kwanza. Akacheka sana. Tukalipima, lilizidi, tukapunguza, tukapanda Kitonga taratibu nyuma ya lori kama kawaida. Katikati ya mlima akainama kutoka kiti chake, akautazama mshale kwa makini, akasema, "Uko sawa, Bwana Shamba. Twende."

Nimeuandika na huo kwenye daftari.