Kuketi Pamoja na Adui

Mimi na jirani yangu tulikaa miaka miwili pasipo kuamkiana, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hata kanisani tulipeana kisogo.

Siku moja naliwafundisha watoto habari za Joseph Rotblat, bingwa wa elimu aliyezaliwa Poland. Wakati wa vita vikuu vya pili alikuwa miongoni mwa waliotengeneza bomu la atomiki huko Marekani. Mwisho wa 1944, alipopata kujua ya kuwa Wajerumani wameacha kulitengeneza la kwao, akaiacha kazi ile.

Julai 1957 mabingwa 22, Wamarekani, Warusi na wengineo, walikutana katika kijiji cha Pugwash, nchi ya Kanada. Serikali zao zilikuwa zikitishana. Wao waliketi pamoja, wakapima madhara ya silaha zile, kisha wakarudi kuwashauri wakubwa wao. Mashauri ya namna hiyo yalisaidia kuleta mapatano ya 1963, yaliyokataza kujaribu mabomu hayo hewani na chini ya maji. Mwaka 1995 Rotblat na mikutano hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, adui akikataa kuja, nani atangulie kumwendea?” Swali lile likanichoma. Jioni nikabisha hodi kwa jirani.

Mpaka bado hatujaumaliza, ila sasa twaketi, twasemezana. Wahenga walinena kweli: wagombanao ndio wapatanao. Lakini sharti mmoja atangulie kupiga hodi.