Siku Tatu za Familia, Mbeya hadi Iringa

Familia nyingi husafiri pamoja kwa sababu mbili tu: msiba na harusi. Ikipatikana sababu ya tatu, fedha imekwisha au baba hayupo. Nyumbani kwetu Mbeya baba wa watoto ni dereva wa lori. Wiki hii yuko Tunduma, wiki ijayo yuko Dar es Salaam, na akirudi anahitaji kulala. Watoto humwamkia, humtengea chakula, na mazungumzo huishia hapo.

Mwezi Julai kijana wetu wa kwanza alitakiwa kuripoti kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani Iringa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuishi mbali na nyumbani. Baba yake aliomba ruhusa ya siku nne, nasi tukaamua kwamba hatutampeleka kijana na sanduku lake tu kisha turudi. Tutakwenda wote watano, na kabla ya Jumatatu tutakuwa na siku tatu za kukaa pamoja.

Ijumaa: uwanja wa ndege wa zamani

Siku ya kwanza hatukutoka hata nje ya mji. Baba alitupeleka kwenye uwanja wa zamani wa ndege, ulioko ndani ya Mbeya. Ndege za abiria ziliuhama Desemba 2012, uwanja mpya wa Songwe ulipofunguliwa. Kijana wetu mdogo aliuliza kuna nini cha kutazama pale, maana ndege hakuna. Baba akamjibu kwamba babu yake yeye alitoka Tukuyu kwa miguu akiwa kijana, akapata kazi ya kufyeka majani katika uwanja wa ndege wa Mbeya enzi za Waingereza. Sisi sote, hata mama wa nyumba, tulikuwa tunasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Ni wachache wanaojua kwamba Mbeya ilikuwa kituo katika njia ya ndege kutoka London hadi Cape Town. Shirika la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kwa njia hiyo Januari 1932, na miezi michache baadaye likaanza kuchukua abiria. Kutoka Nairobi ndege zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha zikaendelea hadi Mpika, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Safari nzima ilichukua siku kumi hivi, kwa kuwa abiria walilala njiani. Mwanzoni zilitumika ndege aina ya Hercules za kampuni ya De Havilland, zenye injini tatu na mabawa mawili, moja juu ya jingine. Baadaye zikaja Atalanta za injini nne. Hazikuweza kwenda mbali bila kuongeza mafuta, ndiyo sababu vituo vilikuwa vingi. Mji wenyewe ulikuwa mchanga, ulioanza mwaka 1927, na dhahabu ya Lupa kule Chunya ilikuwa ikivuta watu wengi.

Hapo kijana, ambaye anakwenda kusoma fizikia, alimweleza baba yake jambo. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo injini hupungua nguvu na mabawa hayabebwi vizuri, na ndege hulazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa.

"Hata lori langu la kwanza lililijua hilo," baba akasema. "Lilikuwa linakohoa likifika huku juu."

Wakaendelea hivyo, mmoja akieleza fizikia na mwingine akieleza injini, mpaka jua likaanza kushuka. Tuliwaacha, tukaenda kununua karanga.

Sifa ile haikudumu. Mwaka 1937 Imperial Airways ilianza kutumia ndege zinazotua majini, na njia ikahamia Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam. Mbeya haina ziwa la kutua ndege, ikaachwa kando.

Jumamosi: safari ya basi

Tuliondoka alfajiri tukiwa na chapati, mayai ya kuchemsha, chai ya chupa, na mfuko wa mchele wa Kyela wa kumpelekea wifi yetu. Mwendo ni zaidi ya kilomita 300. Tulipita Uyole, Chimala, Igawa, kisha Makambako, ambako reli ya TAZARA inakutana na barabara kuu. Baba hakushika usukani siku hiyo. Alikaa kiti kimoja na binti yetu, akimwonyesha mahali anaponunua chai usiku, kona anayoiogopa wakati wa ukungu, na mahali alipolala siku mbili lori lilipoharibika. Binti akatunong'oneza kwamba hakujua baba anafanya kazi ngumu hivyo. Baada ya Mafinga, yenye misitu mikubwa ya mbao ya Sao Hill, wote walisinzia.

Wifi alitupokea Kihesa, Iringa. "Kamwene!" majirani wakatusalimu kwa Kihehe, na watoto wakajifunza kuitikia.

Mpira wenye umbo la yai

Jioni ile, katika uwanja wa wazi, tuliwakuta vijana wawili wa Kimarekani wakirushiana mpira wa ajabu uliochongoka ncha mbili. Wageni wa aina hiyo si wachache Iringa. Tangu 1987 Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kilutheri ina ushirika uitwao Bega kwa Bega na Walutheri wa eneo la St. Paul, Minnesota, na watu hutembeleana.

Wakatueleza mchezo wao. Kila upande una wachezaji 11, kama mpira wetu wa miguu. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi kumi, yaani mita tisa hivi. Ikishindwa, wenzao huchukua mpira. Anayeuvusha mpira mstari wa mwisho huipatia timu yake pointi sita. Mchezo huo uliwahi kuchezwa rasmi hapa nchini. Mei 2011, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Chuo Kikuu cha Drake cha Marekani kiliifunga timu ya wanafunzi wa Mexico 17 kwa 7.

Baba hakuvutiwa sana. Akawaambia watoto kwamba mpira ni ule wa Tukuyu Stars, waliochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, naye akiwa mtoto wa shule ya msingi. Lakini wageni walipompa mpira ajaribu, akajaribu. Ukaanguka karibu na miguu yake. Kijana akacheka, akauokota, akamwonyesha jinsi ya kuweka vidole ili uzunguke hewani.

Basi wakarushiana, baba huku na mwana kule, hata wageni walipokaa kupumzika. Tulikuwa tumekaa kwenye majani na wifi, karibu kiasi cha kuwasikia.

"Ukikwama shuleni usimtume mama yako aniambie," baba akasema, akirusha. "Nipigie mwenyewe."

"Hata ukiwa njiani?"

"Hata nikiwa njiani. Nitaegesha."

Wifi alitugusa mkono, nasi hatukusema kitu.

Jumapili: Gangilonga

Baada ya ibada tulipanda kwenye jiwe la Gangilonga, jina lenye maana ya jiwe linalosema. Mji wote unaonekana kutoka pale. Kijana alituonyesha upande shule yake iliko, akanyamaza. Dada yake akampa sweta lake la akiba, maana Julai Iringa ni baridi kali.

Kwa mama anayetaka kujaribu

Ndugu msomaji, gharama yetu kubwa ilikuwa nauli. Malazi tulipewa na ndugu, na chakula kingi tulikibeba. Kama huna safari, anza na mji wako mwenyewe. Mwombe baba, au bibi, awapeleke watoto mahali ambapo wazee wenu walifanya kazi, hata kama pamebaki majani matupu. Beba kitu cha kuchezea, kwa kuwa wanaume wengine husema vizuri zaidi mikono yao ikiwa na kazi. Nawe mama ukiona wameanza kuzungumza, usiingilie. Nenda kanunue karanga.

Shuleni kijana haruhusiwi kuwa na simu. Jumamosi huazima ya mwalimu wa malezi, na tangu Julai amepiga mara tatu. Mara zote tatu alimpigia baba yake. Mara ya pili lori lilikuwa Igawa, likaegeshwa.