JANGWANI HAITAKI MADIGADI YA MBWEMBWE

Kama hujawahi kuingia kazini na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni, basi mpenzi msomaji, hujavuka Jangwani kwa baiskeli wakati wa masika. Mimi nimevuka. Nakaa Magomeni, kibarua changu kiko Posta, kwenye duka la kuchapa kadi za harusi. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ile ya tairi nene. Haikuwa na madigadi wala keria.

Jumatatu bosi aliniangalia mgongoni, akasema taratibu: "Kijana, ukija hivi tena, geuza urudi kwenu."

Jioni ile ile nikakata kona pale Fire, nikashika Msimbazi hadi Kariakoo. Mfukoni sh. 30,000, zote nilizokuwa nazo.

Kariakoo unaijua: mikokoteni, makelele, kila mtu anakuita "kaka, karibu". Nikatua kwa mshikaji mmoja mwenye madigadi ya plastiki, meusi, mafupi, yamechongoka kama mkia wa ndege. Roho ikapenda. Nishatoa hela, fundi mmoja mzee aliyekuwa ananyoosha rimu pembeni akauliza: "Mwanangu, unapita wapi?"

"Jangwani, mzee."

Akacheka. "Hayo ni ya kupigia picha."

Akaniinamisha nisome ubavu wa tairi: 26 x 1.95. Namba ya kwanza ukubwa wa tairi, ya pili upana wake, zote kwa inchi. Madigadi ya Phoenix ya 28 hayakai hapo hata ukiyapiga nyundo. Tena yawe mapana kuliko tairi, na kidole kipite katikati. Mto Msimbazi ukifurika unamwaga mchanga na tope barabarani. Madigadi yakibana, tope linajaa humo na gurudumu linagoma. Ya mbele yashuke chini, na nchani akaniongezea kipande cha tyubu kuukuu ili maji yasirukie viatu na cheni.

Kwenye keria nikataka ile nyepesi inayobana kwenye nguzo ya siti tu. Mzee akatikisa kichwa: mzigo ukizidi, inazunguka na wewe unaenda chini. Akachagua ya chuma, miguu yake miwili inashuka hadi karibu na ekseli na kufungwa kwa boliti kwenye fremu. Akaweka boksi juu, akanipandisha nizungushe pedeli, aone kama kisigino kinagonga mzigo. Hakikugonga.

Vyote vilikuwa vimetumika, rangi imebabuka. Hela ikabaki ya nauli ya daladala, ambayo sikuihitaji.

Jumatano mvua ikapiga. Si ile ya kufunga barabara, maana hiyo habishani nayo mtu, ila madimbwi yalikuwepo ya kutosha. Nikayapita moja moja huku nasikia tope linagonga chuma badala ya shati langu.

Nilipofika, bosi akanizunguka, akanikagua mgongo. Kimya. Kisha akaleta boksi la kadi, akalifunga mwenyewe kwenye keria.

"Peleka Ilala. Harusi Jumamosi, zisilowe."

Hajawahi kunituma kwa mteja kabla ya siku ile. Nikaliviringishia nailoni, nikaondoka.

Kwa hiyo, msela wangu, kabla hujatoa hela, inama kwanza usome tairi lako. Halafu jiulize: unapita wapi?